Kwa nini timu zetu hurudi kutoka maonesho ya teknolojia na mabegi ya vipeperushi badala ya oda?

#1 MtunzaStoo

Wakuu, habari za leo. Nipo idara ya manunuzi katika kampuni moja ya hapa Dar es Salaam inayouza vifaa vya kielektroniki vya majumbani: runinga, spika, simu, saa janja, taa za sola na vikorokoro vinavyoendana navyo. Kampuni imekuwa ikipeleka timu ya wafanyakazi kwenye CES, maonesho makubwa ya vifaa vya kielektroniki kule Las Vegas, Marekani, ambayo hufanyika kila Januari. Kila timu inaporudi mambo huwa yale yale: ripoti ndefu yenye picha nzuri, begi la vipeperushi na kalamu, kadi za biashara zilizofungwa kwa mpira, halafu kimya. Ikifika Juni ukauliza ni bidhaa gani iliyopo kwenye rafu kwa sababu ya safari ile, kila mtu anamtazama mwenzake.

Madai yangu ni kwamba maonesho hayana kosa. Kosa ni letu, kwa sababu hakuna anayeiandaa timu kununua kabla haijapanda ndege. Uongozi sasa unapanga safari nyingine na nimeambiwa niandike maoni ya idara. Kabla sijaandika, ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kwenda, iwe huko au kwingine: tatizo hasa liko wapi?

#2 Mzee wa Aggrey

Ndugu mleta mada, timu yenu haijakosa maandalizi, imekosea soko. CES ni mahali pa kuonesha kitakachokuja. Kampuni kubwa hupeleka pale runinga inayokunjwa kama mkeka ambayo wewe hutaiuza Kariakoo kabla mwanao hajamaliza chuo. Anayekwenda pale kutafuta mzigo anafanana na mtu aliyekwenda kwenye maonesho ya mavazi akitafuta mtumba.

Sisi wa Mtaa wa Aggrey na Likoma tunakwenda Guangzhou, kwenye maonesho ya Canton. Yapo tangu 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, katika viwanja vya Pazhou, kwa awamu tatu. Vifaa vya kielektroniki na vya umeme wa nyumbani vipo awamu ya kwanza, inayoanza tarehe 15. Pale mtu wa kibandani hakuoneshi ndoto, anakuuliza unataka vipande vingapi. Anakutajia kiwango cha chini cha oda, unalipa asilimia 30 ya awali, na asilimia 70 iliyobaki unaimalizia kabla mzigo haujapakiwa. Ndege ya moja kwa moja kutoka hapa ipo. Mnazunguka nusu ya dunia kutafuta nini?

#3 Kibatari

Kwa hiyo mliagizwa teknolojia mkaleta kalamu. Naomba moja, yangu imekwisha wino.

#4 DadaMipango

Shikamoo mzee wangu wa Aggrey. Ninaheshimu uzoefu wako, ila hoja yako ina tundu. Katika miaka ya karibuni kampuni za China zilizoweka vibanda CES zimezidi elfu moja, na nyingine ni zile zile utakazozikuta Pazhou. Kwa hiyo wauzaji wa kweli wapo pale, mbali na wale wa runinga ya kukunjwa.

Mimi ninaona tatizo ni kalenda. CES huangukia wiki ya kwanza au ya pili ya Januari, na baada ya hapo Mwaka Mpya wa China unakaribia. Mwaka 2025 maonesho yalimalizika tarehe 10 Januari, na Mwaka Mpya wao ukaangukia tarehe 29 Januari. Viwanda huanza kupunguza kazi kabla ya sikukuu, wafanyakazi husafiri kwenda makwao, na kurudi kwao huchukua muda. Timu yako inafika Dar, inapumzika, inaandika ripoti, inatuma barua pepe, na anayeandikiwa yupo kijijini kwao anakula sikukuu na wazazi. Anaporudi kazini anakuta mamia ya ujumbe, na ujumbe kutoka Tanzania unaouliza bei ya vipande mia mbili hauko juu ya orodha. Hapo ndipo kimya kinapozaliwa.

#5 FundiBuguruni

Habari zenu. Naona wote mnazungumzia biashara na mmesahau kifaa chenyewe. Bidhaa nyingi zinazooneshwa Las Vegas zimetengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani. Kule umeme ni volti 120 na masafa ya hezi 60, hapa kwetu ni volti 230 na hezi 50. Plagi yao ina pini mbili bapa nyembamba, yetu ni ya pini tatu nene. Runinga zao zina kipokezi cha ATSC, yaani mfumo wa kurusha matangazo wa huko kwao. Sisi tulipoanza kuzima mitambo ya analojia, tukianzia Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, tuliingia katika mfumo wa dijitali wa DVB. Ukileta runinga ya Kimarekani ukaiunganisha na antena ya juu ya bati pale Tandika, haitakuonesha kitu. Wateja wananiletea vifaa walivyotumiwa na ndugu zao walioko huko, na vingi vinafika vikiwa vimeshaungua siku ya kwanza. Timu inapofika kibandani na kugundua hilo, inakosa cha kuagiza.

#6 Mhandisi wa Mikocheni

Fundi, umesema kweli kwa nusu, na nusu ya pili inahitaji kurekebishwa ili watu wasipotoke. Chaja za simu, za kompyuta mpakato na runinga nyingi za sasa zimeandikwa mgongoni volti 100 hadi 240 na hezi 50/60, maana yake hazijali upo Temeke au Texas. Vinavyoungua ni vile vilivyotengenezwa kwa volti moja: blenda, pasi za nywele, vitengeneza kahawa, oveni za maikrowevu. Kwa vyenye mota au transfoma kubwa hata ukiweka kifaa cha kushusha volti, tofauti ya masafa inabaki pale pale na kifaa kinaweza kupata joto kisivyotakiwa.

Kuhusu kipokezi cha runinga uko sahihi kabisa. Hata hivyo, hicho si kizuizi cha kuagiza, kwa sababu watengenezaji wakubwa hutoa matoleo tofauti ya modeli moja kwa masoko tofauti. Swali linalotakiwa kuulizwa kibandani ni kama toleo la volti 230 lenye kipokezi cha DVB-T2 lipo na nani analiuza. Timu isiyokuwa na mtu wa kuuliza swali hilo ndiyo inayorudi na kalamu.

#7 Kibatari

Mhandisi, kwa maelezo hayo naomba kalamu mbili.

#8 Mama wa Dubai

Mhandisi amegusa penyewe na akapita haraka. "Nani analiuza" ndilo jambo lenyewe. Kampuni kubwa zimeshaigawa dunia kwa kanda. Mtu aliyesimama kibandani Las Vegas mara nyingi ni wa kitengo cha soko la Marekani, na mshahara wake unategemea mauzo ya huko. Unapomwambia unatoka Dar es Salaam anakutabasamia, anachukua kadi yako, anaipeleka kwa mwenzake anayeshughulikia Afrika, ambaye ofisi yake huenda iko Dubai, naye anairudisha kwa msambazaji wa Afrika Mashariki, ambaye huenda yuko Nairobi au hapa hapa Barabara ya Nyerere. Yaani umepanda ndege zaidi ya siku nzima kwenda kuelekezwa kwa mtu ambaye ungemfikia kwa bodaboda.

Ninanunua spika na vifaa vya jikoni kupitia Dubai kwa miaka mingi. Sijawahi kukanyaga Las Vegas, na mzigo wangu unafika.

#9 Mwanafunzi wa IFM

Kwa hiyo jibu si kwenda maonesho ya teknolojia ya GITEX, Dubai, Mama? Ipo tangu 1981 na ni karibu.

#10 Mama wa Dubai

Hapana, mwanangu. GITEX imeelemea teknolojia ya maofisi, serikali, mawasiliano na usalama wa mitandao. Ukienda kutafuta spika za sebuleni utazungushwa na watu wanaokuuzia mfumo wa kulinda benki. Mimi ninakwenda Deira, kwenye maduka ya jumla, bila beji shingoni.

#11 AliyekuwepoKule

Wakuu, nimesoma kuanzia juu na sijaona mtu aliyesafiri na timu. Mimi nilisafiri, na kampuni niliyokuwa nayo wakati ule sitaitaja.

Kwanza, watu wanadhani ni ukumbi mmoja. Mwaka 2024 waliohudhuria walizidi 138,000 na waliokuwa na vibanda walizidi 4,300. Jengo la Las Vegas Convention Center peke yake lina kumbi kadhaa, na kati yake wamechimba mahandaki ambamo magari ya umeme huwabeba watu bure kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kampuni changa, ambazo ndizo zinazokubali oda ndogo, haziko hapo. Ziko eneo linaloitwa Eureka Park katika ukumbi wa hoteli ya Venetian, mbali kidogo. Timu yetu ilimaliza siku ya kwanza ikishangaa magari na maroboti, na siku ya pili ikiuguza miguu.

Pili, saa. Mwezi Januari Las Vegas iko nyuma yetu kwa saa 11. Mwenye kibanda anapolegeza bei saa kumi jioni, akitaka jibu kabla hajafunga, hapa Dar ni saa tisa usiku na mkurugenzi amelala. Hakuna mmoja wetu aliyekuwa na ruhusa ya kusema ndiyo. Tulimwambia yule bwana kwamba tutawasiliana. Alikubali kwa adabu, na macho yake yalikuwa yameshahamia kwa mteja wa nyuma yetu.

Tatu, na hili ndilo lililoniuma: waliosafiri hawakuchaguliwa kwa kazi zao. Fundi wetu mkuu, ambaye angeuliza yale maswali ya bandiko namba 6 akiwa amefumba macho, alibaki kaunta.

#12 MtunzaStoo

Asante sana, AliyekuwepoKule. Ungependa kutueleza walichaguliwa kwa kigezo gani?

#13 AliyekuwepoKule

Viza. Waliokuwa na viza ya Marekani ndani ya pasi zao walikwenda, wasiokuwa nayo walibaki. Barua ya mwaliko kutoka kwa waandaaji husaidia, lakini haimlazimishi ofisa wa ubalozi kukupa chochote, na ada ya maombi ya dola 185 hairudi ukikataliwa. Kampuni haikutaka kuhatarisha ada kwa mafundi. Wenye viza walikuwa wakurugenzi wawili na ndugu wa mmojawapo.

#14 Wakili wa Upanga

Ninaomba kuongeza hapo, kwa sababu hali imebadilika na mleta mada anapaswa kuizingatia kabla ya kuandika maoni yake. Mwishoni mwa 2025 Watanzania waliwekwa kwenye orodha ya wanaoweza kutakiwa kuweka dhamana ya hadi dola 15,000 kwa viza za biashara na matembezi za Marekani, na kuanzia tarehe 1 Januari 2026 utoaji wa viza mpya za aina hiyo ukawekewa zuio. Waliokuwa na viza halali kabla ya tarehe hiyo hawakufutiwa. Matokeo yake ni kwamba kigezo alichokitaja AliyekuwepoKule, ambacho awali kilikuwa uchoyo wa kampuni moja, sasa kimekuwa ndiyo njia pekee. Timu yoyote itakayokwenda Las Vegas katika mazingira haya itaundwa na wale ambao pasi zao zina muhuri wa zamani, na hao kwa kawaida si mafundi.

#15 Mzee wa Aggrey

Marahaba DadaMipango, nilichelewa kuitikia. Wakili amemaliza mjadala. Guangzhou.

#16 DadaMipango

Hajaumaliza, mzee wangu, amefunga mlango mmoja tu. Swali la mleta mada ni kwa nini timu hurudi mikono mitupu, na timu zinarudi mikono mitupu hata kutoka Guangzhou. Ninaifahamu ofisi moja hapa mjini iliyopeleka watu Pazhou wakarudi na masanduku ya nguo za watoto wao.

#17 Mhasibu Kigamboni

Salaam. Nitaeleza kutoka upande wa fedha, ambao hamjaugusa.

Mfanyakazi anaposafiri anapewa masurufu, na anaporudi anatakiwa kuyarejesha. Katika ofisi nyingi nilizopita, urejeshaji unadai stakabadhi ya hoteli, kipande cha pasi ya kupandia ndege, na ripoti ya safari. Ukiwa na vitu hivyo vitatu faili linafungwa na wewe ni mtu mwaminifu. Fomu haikuulizi jina la msambazaji hata mmoja. Haikuulizi bei uliyopewa, kiwango cha chini cha oda, muda wa kutengeneza wala bandari ya kupakilia. Mtu akirudi na bei kumi zilizoandikwa vizuri lakini amepoteza stakabadhi ya teksi, atasumbuliwa mwezi mzima, ilhali aliyerudi na picha za maroboti na stakabadhi zote atapongezwa. Watu hufanya kile ambacho fomu inakiuliza, na mimi siwalaumu.

Kuhusu posho sitasema mengi kwa sababu kila mtu humu anajua. Safari ambayo posho yake inazidi mshahara wa mwezi haiwezi kugawiwa kwa mwenye ujuzi. Itagawiwa kwa mwenye zamu.

#18 Kibatari

Mwenye zamu. Mhasibu, umetuua.

#19 Mwanafunzi wa IFM

Naomba kuuliza swali la pembeni. Kwa nini watu wanahangaika na nchi za mbali wakati sisi tuna Sabasaba hapa hapa Barabara ya Kilwa? CES si ilianzia Las Vegas kama maonesho madogo tu ikakua?

#20 Msomaji wa Magomeni

CES haikuanzia Las Vegas. Ilianzia New York mwezi Juni 1967, ikitokana na maonesho ya muziki ya Chicago, ambako watengenezaji wa redio na vinanda vya santuri walikuwa wakijumuishwa na wauza ala. Kwa miaka mingi iliendeshwa mara mbili kwa mwaka, majira ya baridi Las Vegas na majira ya joto Chicago, kabla ya kubaki Las Vegas peke yake kila Januari. Kinasa video cha kaseti kilioneshwa pale 1970, kicheza diski za CD 1981. Kama tunatafuta ukongwe, IFA ya Berlin inaizidi: ilianza Desemba 1924 kama maonesho ya redio, na ile ya 1930 ilifunguliwa kwa hotuba ya Albert Einstein.

Kuhusu Sabasaba, kumbuka kwamba milango ya Viwanja vya Mwalimu Nyerere iko wazi kwa kila mwenye tiketi, na wengi tunakwenda kununua sufuria na kupiga picha na simba. CES haimruhusu mwananchi wa kawaida: lazima uthibitishe kwamba upo kwenye sekta na umetimiza miaka 18. IFA iko katikati, inapokea wafanyabiashara na wananchi pia. Kila moja ina kazi yake, na hapo ndipo ninapokubaliana kwa kiasi na mzee wa Aggrey.

#21 FundiBuguruni

Na umeme haukatiki huko, ndiyo tofauti kubwa na Sabasaba.

#22 Msomaji wa Magomeni

Ulikatika. Tarehe 10 Januari 2018, katikati ya CES, sehemu ya kumbi kuu ilikaa gizani kwa karibu saa mbili. Mvua kubwa isiyo ya kawaida kwa mji ule wa jangwani ilisababisha unyevu ukajikusanya kwenye transfoma moja, ikapiga shoti. Vibanda vya runinga za bei mbaya kuliko zote duniani vikawa vyeusi, na watu wakawa wanaoneshana njia kwa tochi za simu.

#23 Kibatari

Sasa hiyo ndiyo teknolojia tuliyoshindwa kuileta, ya kupata umeme ndani ya saa mbili.

#24 Wakala wa Kurasini

Turudi kwenye mada. Mimi ni wakala wa kutoa mizigo bandarini na ninakutana na mwisho wa hadithi hizi. Si kweli kwamba timu zote hurudi mikono mitupu. Baadhi hurudi na oda, mzigo unafika, na unakwama. Vifaa vya umeme vinatakiwa kukaguliwa kwa utaratibu wa TBS, shirika la viwango, wa uthibitisho wa ubora huko huko vinakotoka, kabla ya kupakiwa. Vifaa vya mawasiliano, yaani simu, ruta, hata baadhi ya saa janja zenye laini, vinahitaji idhini ya aina ya kifaa kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Mtu amependa kifaa kibandani, amelipia, hakuuliza kama mtengenezaji ana ripoti ya maabara inayokubalika. Kontena linakaa, gharama za kuhifadhi zinapanda, na safari ya pili uongozi unawaambia wasiagize chochote, waangalie tu. Timu inayokwenda kuangalia tu mnaidai oda kwa msingi upi?

Mzee wa Aggrey, wewe unakumbuka Juni 2016.

#25 Mzee wa Aggrey

Nakumbuka sana, huna haja ya kunitania. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchi nzima, na asubuhi yake Aggrey ilijaa watu wenye simu zisizopiga. Mimi mzigo wangu ulikuwa na namba halali za IMEI, zile za utambulisho wa kila simu, na wateja wangu wanajua. Lakini hebu tuseme ukweli: simu zile bandia hazikutoka Las Vegas wala hazikuletwa na timu yenye beji. Zililetwa na watu waliofuata bei peke yake. Kwa hiyo hoja yako ya vyeti inanihusu mimi wa Guangzhou kuliko inavyowahusu wao, na ninaipokea.

#26 Bi Rafu

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Nimesoma maelezo yote, ya soko, kalenda, volti, kanda, viza, masurufu na vyeti, na yote yana chembe ya ukweli. Ninachokataa ni msingi wa swali. Mleta mada anapima safari kwa oda. Nani alisema oda ndiyo kipimo?

Ninasimamia rafu za duka la vifaa vya simu. Mwenzetu mmoja alikwenda IFA ya Berlin, Septemba 2022, wakati Umoja wa Ulaya ukikaribia kupitisha sheria ya chaja moja, ambayo iliitaka simu, tableti na kamera mpya ziwe na tundu la USB-C ifikapo 28 Desemba 2024. Alirudi bila oda yoyote, na kwa kipimo cha uzi huu alikwenda kutalii. Lakini alituambia jambo moja: kila kibanda cha vifaa alichosimama, waya za zamani zilikuwa zimesogezwa kando, na wauzaji walikuwa wakizitoa kwa bei ya kutupa kwa yeyote aliye tayari kuzibeba. Tulikuwa tunajiandaa kuagiza mzigo mkubwa wa waya za tundu la zamani kwa sababu bei ilikuwa imeshuka vizuri mno. Tukapunguza. Mwaka uliofuata hata iPhone 15 ikatoka na USB-C, na majirani zetu wakawa wanauza waya za zamani kwa mafungu kando ya barabara.

Hasara ambayo haikutokea haina mahali pa kuandikwa kwenye ile fomu ya Mhasibu.

#27 Mhandisi wa Mikocheni

Bi Rafu, mfano wako ni mzuri, ila unaweza kugeuzwa. Habari ya sheria ile ilikuwa kwenye magazeti na kwenye intaneti, bure. Kwa nini mtu alipiwe tiketi ya Berlin ili aje kutusomea gazeti?

#28 Bi Rafu

Kwa sababu sote tulilisoma gazeti hilo na bado tulitaka kuagiza. Sheria ilikuwa ya Ulaya, tukasema haituhusu. Kilichotubadilisha ni mtu tunayemwamini kusimama mbele ya kibanda, kuuliza bei ya waya za zamani, na kuona jinsi muuzaji alivyofurahi kupita kiasi.

#29 DadaMipango

Hapo nakubali. Furaha ya muuzaji ni taarifa, na haipatikani kwenye barua pepe. Ila Bi Rafu, huyo mwenzenu alijua la kuuliza. Tunarudi kule kule kwa nani anayepelekwa.

#30 Mhasibu Kigamboni

DadaMipango, kabla hujamaliza kutushawishi wote: hoja yako ya kalenda nimeipima. Mwaka 2024 Mwaka Mpya wa China uliangukia tarehe 10 Februari, na 2026 uliangukia tarehe 17 Februari. Hiyo ni takriban mwezi mzima au zaidi baada ya CES. Kama kalenda ndiyo sababu, miaka hiyo timu zingerudi na oda nyingi. Mleta mada, zilirudi nazo?

#31 MtunzaStoo

Kwa 2024 ninaweza kujibu: hapana, na mwaka huo barua pepe zetu za kwanza zilitumwa Machi. Sasa sijui kama hilo linamuunga mkono Mhasibu au DadaMipango.

#32 DadaMipango

Linaniunga mkono mimi. Mlikuwa na mwezi mzima mkaupitisha mkisubiri ripoti iidhinishwe.

#33 Mhasibu Kigamboni

Ripoti haiidhinishwi mpaka masurufu yarejeshwe, kwa hiyo linaniunga mkono mimi.

#34 MtunzaStoo

Nawashukuru wote. Rasimu yangu ilikuwa na ukurasa mmoja kuhusu mafunzo kabla ya safari, na sasa siuamini tena ukurasa huo, ingawa sijaufuta. Kwa Las Vegas nitaandika alichosema Wakili. Kuhusu Guangzhou, Oktoba, nitapendekeza fundi mkuu awemo, na nitaambatisha fomu yenye maswali ya Mhandisi na ya Wakala: toleo la volti, kipokezi, ripoti ya maabara, nani anauza kwa kanda yetu. Sina uhakika kama bodi itakubali fundi asafiri na mkurugenzi abaki. Mzee wa Aggrey, kama utakuwa Pazhou awamu ya kwanza, timu yetu inaweza kufuatana nawe siku moja?

#35 Mzee wa Aggrey

Mnakaribishwa, niandikie faragha. Fundi mje naye, na viatu vya kutembelea pia. Ila katika msafara huo awemo mtu mmoja mwenye idhini ya maandishi ya kulipa ile asilimia 30, kwa sababu sitasimama kibandani kwa watu ninaofahamiana nao tukisubiri bosi wenu aamke.

#36 Kibatari

Guangzhou tunatofautiana nao saa tano tu, mzee. Bosi atakuwa anakunywa chai.